Fizi za Mama Mjamzito, na Kazi ya Baba

Tuchukue nyumba moja pale Sofia, mjini Voi. Mama ana mimba ya miezi mitano. Kila asubuhi akipiga mswaki, mate yanatoka na damu. Anaogopa, anaacha mswaki ili fizi zipumzike. Baada ya wiki mbili kinywa kinanuka, naye akicheka anajifunika kwa mkono. Baba ameiona ile damu kwenye karai. Hasemi neno, ila usiku anageukia ukutani, na moyoni anajiuliza kama mkewe ana ugonjwa anaoficha. Ndivyo wawili waliopeana ahadi mbele ya altare wanavyoanza kuogopana, kisa ni ufizi.

Baba, tulia kwanza. Fizi kutoka damu wakati wa mimba ni jambo la kawaida sana. Homoni za ujauzito huongeza damu kwenye fizi, zikawa nyepesi kuvimba zikiguswa na ukoga, yaani ule utando unaonata kwenye meno. Aghalabu huanza mwezi wa pili na kuzidi kuelekea wa nane. Wengine huota kinyama chekundu katikati ya meno. Kinatisha, lakini si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya kujifungua, ingawa daktari akitazame. Na kama wasiwasi wako ni virusi vya ukimwi, jibu liko kwenye kipimo cha kliniki, si kwenye rangi ya mate. Nendeni mkapimwe wote wawili.

Nawe mama, usiuache mswaki. Ukoga ukikaa, fizi huvimba zaidi. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, ukipitisha polepole pale jino linapokutana na ufizi. Ukitapika, usikimbilie mswaki, kwa kuwa asidi ya tumbo imelainisha meno. Sukutua kwa maji, ngoja kama nusu saa. Na yale mawe ya odowa mnayotafuna kwa siri (tunajua!) yanasaga meno.

Kuna wanaosema kila mtoto huondoka na jino la mamaye. Si kweli. Mtoto hanyonyi madini kutoka kwenye meno ya mama. Jino huharibiwa na ukoga, matapishi na vitu vitamu vya kila mara, kisha likaachwa lioze kwa sababu mama ameambiwa mjamzito hatibiwi meno. Hilo nalo ni kosa. Meno husafishwa, huzibwa na hata kung'olewa kwa ganzi wakati wa mimba. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio mama huketi kitini bila taabu nyingi. Jino lenye usaha lisingoje mwezi wowote. Watafiti wameona kuwa akina mama wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hujifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi. Haijathibitishwa kwamba kutibu fizi huzuia jambo hilo, lakini tiba yenyewe ni salama.

Hapa baba ana kazi. Kutoka Kasigau hadi Voi ni nauli na siku nzima. Tenga fedha hiyo mapema, na siku ya kliniki mkifika Hospitali ya Moi, au Wesu, au Taveta, ulizeni habari za meno papo hapo. Usimnunulie mkeo brufeni, diklofenaki au tetrasaiklini dukani kwa kumhurumia. Hiyo ya mwisho hutia madoa meno ya mtoto aliye tumboni. Mwambieni daktari mimba ni ya miezi mingapi, naye atachagua.

Ikiwa fizi bado zinatoka damu miezi michache baada ya kujifungua, rudini. Siku hiyo baba naye aketi kitini, afungue kinywa. Vijidudu vinavyotoboa meno hupita kwa mate, na kijiko cha uji wa mtoto huonjwa na wazazi wote wawili.