Ukiumia Kazini: Jinsi ya Kumchagua Wakili

Somo hili tunaliandika kwa ajili ya wale wanaotoka katika makazi yetu kwenda kutafuta riziki Juba, na hasa wale wanaopanga vyumba kule Atlabara: mafundi wa ujenzi, wapakuzi wa malori, wapishi wa hoteli, madereva wa matangi ya maji na walinzi wa usiku. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Asubuhi mtu anaitwa, jioni analipwa. Siku akianguka kutoka kwenye kiunzi, au mashine ikimkata vidole, watu watatu humfikia upesi: msimamizi mwenye karatasi ya kutia dole gumba, rafiki anayesema anamjua wakili hodari, na mwenye nyumba anayedai kodi.

Jina Atlabara kwa Kiarabu cha Juba maana yake ni "toka nje". Ni neno ambalo majeruhi wengi hulisikia kwa tajiri wao baada ya ajali. Ndiyo sababu tunataka tujifunze pamoja, kabla ya ajali kutokea, namna ya kumpata mtetezi wa kweli.

Jambo kuu la kushika ni hili: wakili mzuri ni yule anayekueleza kesi yako mpaka wewe mwenyewe unaweza kuieleza kwa mwingine, na anayeandika malipo yake kabla hujatia sahihi. Anayekuahidi pesa nyingi siku ya kwanza, mwogope.

JE, NI DHAMBI KUDAI?

Wako waumini wanaonyamaza kwa kuwa wanadhani kumdai tajiri aliyewapa kazi ni kukosa shukrani. Tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale mwenye nyumba anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka paa lake, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi kuwalinda wanaopanda juu ya jengo ni wajibu wa mwenye jengo. Anayedai gharama za matibabu na mshahara aliopoteza anadai haki yake. Haombi sadaka.

KABLA YA WAKILI

Hata wakili hodari hawezi kujenga nyumba bila matofali. Matofali ya kesi hukusanywa siku zile za mwanzo, na kazi hiyo ni yako, ya mkeo au mumeo, na ya ndugu wa kanisa.

1. Mjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi ukiweza. Ujumbe wa simu nao unafaa. Usiufute.

2. Hospitalini mwambie daktari wazi kwamba umeumia kazini, siku gani, saa ngapi na namna gani, naye aandike hivyo. Tunza cheti, picha za eksirei na risiti zote za dawa.

3. Andika majina na namba za simu za walioshuhudia. Vibarua huhama. Baada ya miezi mitatu huenda mmoja yuko Arua na mwingine Bunia.

4. Tafuta ushahidi kwamba ulikuwa mfanyakazi pale: kitambulisho cha saiti, daftari la mahudhurio, malipo yaliyopita kwa simu, picha ukiwa kazini.

5. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa katika lugha unayoielewa. Ukipewa pesa ya dawa, ipokee, lakini risiti iseme "pesa ya dawa" na isiseme "nimelipwa yote, sidai tena".

SHERIA YA NCHI IPI?

Hapa ndipo wengi hupotea. Sudan Kusini ina Sheria ya Kazi ya mwaka 2017. Lakini watu wetu wa Juba wana hali nyingi. Mmoja aliajiriwa pale pale. Mwingine aliajiriwa Kampala na kampuni ya Uganda, akatumwa Juba. Wa tatu alijeruhiwa Nairobi, kisha akarudi kwa jamaa zake Atlabara. Kesi zao hazifanani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili ni: "Madai yangu yanafuata sheria ya nchi ipi, na yanapelekwa ofisi gani?" Asiyeweza kulijibu kwa kutaja sheria kwa jina, asikushike.

Tuangalie nchi tatu jirani ili muone jinsi njia zinavyotofautiana.

Uganda: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka majeruhi atoe taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa mshahara wa miezi 60. Wategemezi wa aliyefariki nao hukadiriwa miezi 60. Aliyepoteza sehemu ya uwezo hupata asilimia ya hesabu hiyo. Mahali pa kuanzia ni kwa afisa wa kazi wa wilaya.

Kenya: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inahesabu ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mshahara wa miezi 96. Madai yaletwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yasikimbizwe mahakamani kwanza. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuupinga.

Tanzania: tangu mwaka 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri ndio wanaochangia, mfanyakazi hakatwi kitu. Majeruhi hudai kwenye Mfuko, na mara nyingi fomu zikijazwa vizuri na ripoti ya daktari ikiwa kamili, wakili hahitajiki.

Tufanye hesabu moja. Kibarua wa Uganda alikuwa akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na daktari amesema amepoteza asilimia 30 ya uwezo wake. 300,000 mara 60 ni 18,000,000. Asilimia 30 yake ni shilingi 5,400,000. Sasa fikiri msimamizi anapomletea 400,000 na karatasi ya dole gumba. Mtu mwenye njaa ataona 400,000 ni baraka. Ndiyo maana hesabu hii ifanywe kabla ya kalamu kushikwa.

MASWALI SITA YA KUMUULIZA WAKILI

Nenda na mzee wa kanisa au ndugu anayejua kusoma. Wakili wa kweli hatachukizwa na shahidi.

Kwanza: "Una cheti cha kufanya kazi mwaka huu?" Mawakili wa Kenya na Uganda hutakiwa kuwa na cheti kipya kila mwaka. Nairobi unaweza kuuliza Chama cha Wanasheria cha Kenya. Kampala uliza Baraza la Sheria au Chama cha Wanasheria cha Uganda. Juba kipo Chama cha Mawakili cha Sudan Kusini. Mtu kuvaa suti na kubeba mkoba hakumfanyi kuwa wakili.

Pili: "Umewahi kushughulikia madai ya majeruhi wa kazini?" Hodari wa kesi za ardhi huenda hajui fomu za fidia. Muulize atakwenda ofisi gani kwanza, na siku ya mwisho ya kupeleka madai ni lini. Tarehe hiyo iandike ukutani nyumbani kwako.

Tatu: "Malipo yako ni kiasi gani, na kwa kazi ipi?" Majibu yawe kwenye karatasi: ada yake, nauli, gharama ya ripoti ya daktari, na kama kuna pesa ya kuanzia. Mitaani tunasikia mapatano ya "nusu kwa nusu". Kenya na Uganda sheria haimruhusu wakili kupatana sehemu ya pesa utakayoshinda. Anayekuambia hivyo huko anavunja sheria ya kazi yake mwenyewe mbele ya macho yako.

Nne: "Fidia ikitoka, italipwa kwa nani?" Uliza kama italipwa moja kwa moja kwako. Ikipitia kwa wakili, ana wajibu wa kuiweka katika akaunti ya wateja, mbali na pesa zake, na kukupa hesabu ya maandishi. Fidia nyingi hupotea hatua hii ya mwisho, baada ya kesi kushinda.

Tano: "Nani atashika kesi yangu kila siku, na nitapata habari vipi?" Wengine humwona wakili siku ya kwanza tu, kisha wanazungushwa na karani.

Sita: "Mwajiri akitaka mapatano, utaniuliza kwanza?" Jibu liwe ndiyo, bila kona. Uamuzi wa kukubali au kukataa ni wako wewe mwenye jeraha. Mapatano yenyewe yaandikwe, usomewe kwa lugha yako, na yapitie kwa afisa wa kazi.

ISHARA ZA HATARI

Mkimbie anayekufuata wodini ukiwa bado una maumivu, akitaka sahihi hapo hapo. Mkimbie anayeshika kitambulisho chako cha ukimbizi kama dhamana, au anayetaka karatasi za asili za hospitali: mpe nakala, asili baki nazo. Mkimbie anayekuambia useme uongo juu ya ajali, maana uongo mdogo huua kesi ya kweli. Mkimbie pia anayelipwa na mwajiri wako huku akikuambia anakutetea wewe. Na dalali anayekupeleka kwa wakili, muulize anapata nini.

Kama huna pesa ya wakili, usikate tamaa. Nairobi ipo Kituo cha Sheria, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuwasaidia maskini. Uganda upo Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 1999. Juba, anza na ofisi ya kazi, kisha ukaulize mashirika yanayohudumia wakimbizi kama yana mwanasheria wa kukushauri bure. Na kumbuka, madai mengine hayahitaji wakili kabisa. Jeraha dogo, mwajiri anayekubali, hesabu iliyo wazi: hapo afisa wa kazi anatosha. Wakili anahitajika zaidi pale mwajiri anapokana, anapodai hukuwa mfanyakazi wake, pale ulemavu ni wa kudumu, au pale mtu amefariki na wategemezi wanavutana.

KWA JAMAA ZETU WALIO MAREKANI

Wapo wa kwetu waliohamishiwa Marekani, wengine wakifanya kazi katika viwanda vya nyama na maghala, ambako mikono na migongo huumia sana. Tunajua gazeti hili huwafikia kwa simu za ndugu zao. Kwao kila jimbo lina sheria yake ya fidia, na siku za kutoa taarifa zinatofautiana, mahali pengine ni chache mno. Huko wakili wa fidia huruhusiwa kuchukua asilimia ya malipo, na katika majimbo mengi asilimia hiyo ina kikomo au huidhinishwa na jaji au bodi. Kwa hiyo ndugu wa Juba asiige mapatano aliyosikia kwa shemeji yake wa Marekani. Swali la "sheria ya nchi ipi" linarudi pale pale. Na wewe uliye huko, dai mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wako wa shule kutafsiri maneno ya daktari na wakili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Nani katika kikundi chetu anafanya kazi bila karatasi yoyote? Tunaweza kumsaidia kukusanya ushahidi gani wiki hii?

2. Fanyeni hesabu: kwa Uganda, mshahara wa 250,000 na ulemavu wa asilimia 40 ni fidia ya kiasi gani?

3. Mke wa majeruhi anapoletewa pesa kidogo na karatasi, watoto hawajala, kanisa lifanye nini ili asilazimike kutia dole gumba?

Swali hili la tatu msilipite haraka. Sheria inaweza kumpa mtu miezi 12 ya kudai, lakini tumbo halina miezi 12. Kikundi kikimchangia majeruhi unga na kodi ya miezi miwili, kinampa nafasi ya kumchagua wakili bila kusukumwa na njaa. Basi kabla hamjafunga kwa sala, mchague wawili miongoni mwenu watakaomtembelea majeruhi wa kwanza atakayesikika, mmoja abebe daftari na kalamu, mwingine abebe unga.