Fidia ya Ulemavu na Ruzuku ya Kaya Maskini: Maswali Mawili Tofauti

Katika uwanda wa Ufipa, mkulima huinua matuta kwa jembe la mkono, kazi inayodai mikono miwili. Chukulia kibarua wa mjini Sumbawanga aliyekatwa vidole vinne vya mkono wa kulia na mashine ya kukoboa mahindi. Kidonda kikipona, hubaki swali: je, akilipwa fidia, kaya yake itakosa ruzuku ya TASAF? Hofu hiyo yaweza kumfanya afiche malipo, au aache kabisa kudai haki yake.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huuliza: ajali ya kazini imeacha ulemavu wa kiasi gani? Daktari hujibu kwa asilimia. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Umaskini wa nyumbani si kigezo.

TASAF huuliza jingine: kaya inaishije? Jamii hutaja kaya maskini katika mkutano wa kijiji au mtaa, dodoso hujazwa kuhusu wanakaya, makazi na mali, kisha orodha hurudishwa kwa wananchi waithibitishe. Kinachopimwa ni kaya nzima. Mkupuo ulioezeka nyumba kwa mabati utaonekana; ulioishia kwenye nauli na dawa hauachi alama. Kwa hiyo, kupokea fidia si sawa na kuondokana na umaskini.

Hapa ndipo kalamu ya mhudumu wa afya ina uzito. Asilimia haielezi iwapo mgonjwa anaweza kulima, kuchota maji au kufunga vifungo vya shati. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 hutenganisha hitilafu ya mwili na uwezo wa kutenda. Cheti kiandike yote mawili, kwa maneno ambayo mtendaji wa kijiji ataelewa. Maelezo hayo husaidia pia pale kaya inapotakiwa kutoa nguvukazi katika miradi ya ajira za muda.

Mgonjwa naye ashauriwe mambo matatu: ajali itolewe taarifa mapema, kabla ya miezi 12 kupita, nakala za vyeti zitunzwe, na malipo yatajwe kwa ukweli wakati wa kujaza dodoso. Haki moja isiachwe kwa kuhofia kupoteza nyingine.