Mwalimu, Kwa Hiyo Nidanganye?

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, naomba nianze na kosa langu.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya kata, nikapewa Historia Kidato cha Kwanza. Mada ilikuwa mageuko ya binadamu. Nikachora ubaoni ile picha tunayoijua wote: kiumbe aliyeinama, wa pili ameinuka kidogo, mpaka mtu aliyesimama wima. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kanisani tunafundishwa Mungu alimuumba Adamu. Sasa sisi tumetoka kwa nyani?" Darasa likacheka, halafu likanyamaza kunisikiliza.

Nikajibu kama nilivyojibiwa mimi nikiwa kidato hicho hicho: "Kwenye mtihani andika ya kitabuni. Ya kanisani yaache kanisani."

Akaniuliza, "Kwa hiyo nidanganye?"

Sikuwa na jibu. Nikafuta ubao.

Baba yangu ni mwinjilisti, mimi mwenyewe nimekulia kwaya ya vijana, kwa hiyo swali lile lilikuwa langu pia. Nilichomfundisha yule mtoto ni kwamba sayansi ni maneno ya kukariri ili upate alama, na kwamba imani ni kitu kinachoogopa darasa. Yote mawili si kweli. Tangu nirudi chuo nimekuwa nikijisomea, na haya ndiyo naona tuyaweke sawa kabla hatujashika chaki tena.

Kwanza, tujue nadharia inasema nini. Charles Darwin, kwenye kitabu chake cha mwaka 1859, hakusema mtu amezaliwa na nyani. Wanasayansi wanachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mimi na binamu yangu tuna bibi mmoja, lakini hakuna anayesema nimezaliwa na binamu. Na hili neno "nadharia" lisitudanganye. Mtaani ni kinyume cha vitendo, yaani maneno matupu. Kwenye sayansi ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi yakasimama.

Pili, ushahidi uko kwetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Umri huo haukubuniwa. Majivu ya volkano yana potasiamu, na aina moja ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kasi inayojulikana. Ukipima agoni iliyojikusanya unajua majivu yalitua lini. Kusini mwa Olduvai, pale Laetoli, kuna nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu mabichi miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Mwalimu wa Tanzania anayesema "hayo ni mambo ya wazungu" anaikana ardhi anayoikanyaga.

Tatu, mageuko si habari ya mafuvu tu. Mwenzangu wa chumbani anasoma Baiolojia, na mdogo wake ana selimundu. Ndiye aliyenieleza habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba anayerithi jeni la selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hilo lilikuwa la kawaida Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, na adimu nyanda za juu. Wenye kinga walipona, wakazaa, wakarithisha. Huo ndio uteuzi wa asili. Ila anayelirithi kwa baba na kwa mama, kama mdogo wa rafiki yangu, anaumwa.

Nikamuuliza, "Sasa wewe ukiyajua haya unaswali vipi?" Akasema, "Dua naomba, na dawa anakunywa. Sijawahi kuona moja inaizuia nyingine."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Zaburi ya 139 inasema Mungu ndiye aliyetuumba tumboni mwa mama. Mkristo anaiimba, kisha anampeleka mke wake kliniki, na hakuna mchungaji anayemshtaki mkunga kwa kufundisha hatua za mimba. Mama anasema "Mungu amenipa mtoto", nesi anaandika wiki 38, na wote wawili wamesema kweli. Kama Mungu anaweza kumuumba mtu mmoja kwa miezi tisa, ya nini tumkatalie kuumba watu kwa mamilioni ya miaka?

Wala hili si geni. Augustino wa Hippo, askofu Mwafrika aliyefariki mwaka 430, aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mambo ya asili kwa kisingizio cha Maandiko, maana watachekwa na wanaoyajua. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Wapo pia wanazuoni wa Kiislamu wanaokubali mageuko ya viumbe wengine huku wakimtenga Adamu.

Sisemi kila kitu kimekaa sawa. Bado najiuliza Adamu alikuwa nani. Bado inaniuma kwamba kinga ya wengi inalipiwa na mtoto mmoja anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa. Lakini swali hilo la mateso Ayubu aliliuliza kabla ya Darwin, na kumfukuza Darwin darasani hakulijibu.

Likizo iliyopita nilimweleza Baba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nahubiri kwamba Mungu aliumba. Sijawahi kuhubiri alitumia muda gani." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ila hilo la nyani, mwanangu, bado." Nikamwambia si nyani, Baba, ni binamu. Akacheka. Hatujamaliza, lakini tunaongea.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiulizwa swali lile, usifute ubao. Ningempata tena yule binti ningemwambia hivi: "Hapana, usidanganye. Mtihani haukuulizi unaamini nini, unakuuliza wanasayansi wamegundua nini na kwa ushahidi gani. Ujifunze vizuri ushahidi huo, ndipo ukubali au ukatae ukiwa unajua unachokikataa. Mimi mwalimu wako nimeukubali, na Jumapili nipo kwaya. Kama una swali zaidi, njoo tuongee."

Lingenichukua dakika mbili tu.