Breki Zikilia: Ubadilishe za Kawaida au Uweke za Nguvu?

Sisi wa ualimu hatuingii darasani bila andalio la somo, kwa hiyo naanza na lengo. Mwisho wa somo hili, msomaji aweze kuamua, breki za gari zikiisha, kama anunue za aina ileile au atafute za nguvu zaidi.

Kisa kilianzia nyumbani, Mbweni. Shangazi ana Toyota IST, anapeleka watoto shule Tegeta kila asubuhi. Alikubali kunipeleka Iringa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, mimi na godoro langu. Siku kumi kabla ya safari, breki zikaanza kulia. Fundi mmoja akafungua tairi, akatingisha kichwa: "Mama, weka diski za matundu na pedi za spoti. Kitonga utashuka kama uko tambarare." Bei yake ilikuwa karibu mara tano ya pedi za kawaida. Shangazi akanigeukia: "Mwalimu, we unasemaje?"

Sikuwa na jibu. Hela yenyewe ilikuwa kodi ya chumba changu Iringa. Halafu Kitonga, ukitoka Dar unaipanda. Kuishuka ni wakati wa kurudi, na kurudi shangazi angekuwa peke yake.

Nikarudi kwenye fizikia ya sekondari. Breki hugeuza mwendo kuwa joto: pedi zinabana diski, msuguano unapunguza kasi. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya lile la kilomita 50, si mara mbili. Kwenye mteremko mrefu joto linajilimbikiza bila kupata muda wa kutoka. Pedi zikizidiwa, msuguano unapungua. Mafuta ya breki yakichemka, yanafanya mapovu. Mafuta hayabanwi, povu linabanwa. Ndiyo maana padeli inazama mpaka chini na gari linaendelea kwenda.

Hapo tujiulize maswali mawili.

La kwanza: breki zimeisha au hazitoshi? Soli ya kiatu ikilika husemi kiatu kilikuwa kibovu, kimefanya kazi yake. Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10. Zikifika 3, badilisha. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski na kupiga kelele kukuonya. Ukipuuza, chuma kitasaga chuma na utanunua diski pia. Diski nazo zina unene wa mwisho, mara nyingi umechorwa kwenye diski yenyewe. Ikishuka chini ya hapo usikubali kuichongesha, nunua mpya. Na siku zote badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

La pili: za nguvu zitasimamisha gari mapema zaidi? Ukikanyaga ghafla na matairi yakagoma kuzunguka, au ABS ikaanza kufanya kazi, breki zimeshatoa nguvu yote ambayo matairi yanaweza kuipokea. Kinachobaki ni tairi na lami. Breki za nguvu faida yake kubwa ni kuvumilia joto la kurudiarudia: mbio za magari, mizigo mizito, milima ya kila siku. Tena baadhi ya pedi za spoti hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Kwenye foleni ya Tegeta saa kumi na mbili asubuhi, na watoto nyuma, huo moto utatoka wapi?

Tukaamua hivi. Pedi mpya za mbele, aina ya kiwandani, dukani wanakotoa risiti, tukizilinganisha na za zamani. Diski zilipimwa, bado nene. Breki shuu za nyuma zikakaguliwa. Mafuta ya breki yakabadilishwa yote na upepo ukatolewa. Hilo la mafuta wengi tunalisahau, na yananyonya unyevu: DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. Wakati wa kukagua tukaona matairi mawili ni vipara kabisa. Sehemu ya kodi yangu ikaenda huko, na sikuona uchungu. Pedi zikapata siku kadhaa za safari fupi za Tegeta ili zikae vizuri na diski.

Somo la mwisho halina bei. Nilimwambia shangazi: "Kitonga, weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ikushikie gari. Breki ukanyage na kuachia, usiilalie." Akaniangalia kama mtoto aliyemfundisha kuogelea mvuvi.

Siku aliporudi nilikaa na simu mkononi. Ikaita: "Niko Ruaha Mbuyuni, nakunywa chai. Padeli iko juu vilevile." Usiku ule nililala kwenye godoro chini, maana hela ya kitanda ilikuwa imeisha.

Zoezi: gari linalokubeba wewe au wako, mafuta yake ya breki yalibadilishwa lini? Kama hujui, muulize mwenye gari leo.