JE, VIJANA WALAZIMISHWE KWENDA JKT?

 

Kila mwaka baada ya mtihani wa Kidato cha Sita, wazazi hutujia madrasa na swali lile lile: mtoto ameitwa Jeshi la Kujenga Taifa, je, aende? Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuuliza ni dhambi.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na vijana walijiunga kwa hiari. Mwaka 1966 ikawa lazima kwa wasomi. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga, hasa kwa sababu ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ulazima huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013.

Katika fiqhi tumesoma faradhi aini, inayomlazimu kila mtu, na faradhi kifaya, ambayo wakitosha wa kuitekeleza wengine husameheka. Mwaka wa 5 Hijria, Madina ilipotishiwa, watu walichimba handaki na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alibeba udongo. Hapo haja ilikuwa ya wote. Hata hivyo Abdullah bin Umar alikuwa amerudishwa siku ya Uhud kwa kuwa ana miaka 14, akakubaliwa Handaki akiwa na 15. Na yule aliyeomba kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai, akaamrishwa akawahudumie wao.

Basi sisi tunaona kiongozi anayo haki ya kuwaita vijana kwa kazi yenye maslahi, na kijana aitike. Lakini ulazima usiozingatia hali ya mtu hatuukubali. Kijana anayemuuguza mama yake peke yake asiondolewe kitandani kwake ili akajifunze kwata. Huyo aandike barua, aeleze udhuru wake, nasi tuko tayari kumsaidia kuiandika.

Linalowasumbua zaidi wazazi ni sala. Ndugu wanafunzi, kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena. Mkiwa kambini kwa miezi, msipunguze sala, wala msikusanye Adhuhuri na Alasiri kwa sababu ya mazoezi tu. Ikiwa ni Ramadhani, mtafunga. Adhuhuri wakati wake ni mpana, hivyo kwata ikichelewa kidogo msibabaike. Magharibi ndiyo ya kuiangalia, maana jioni kambini huwa na shughuli nyingi. Mwombeni afande ruhusa kwa adabu, tena mapema siku ya kwanza, msingoje jua limeshazama.