VALENTINE INAKUJA: JUA ILIKOTOKA, USIBAKI NA MZIGO ULIODODA



Somo la leo ni refu kidogo. Kama una mteja mbele yako, mhudumie kwanza, halafu urudi.

Tunaongelea tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao. Kuanzia mwisho wa Januari, ukipita Mtaa wa Kongo, Msimbazi au Aggrey, unaona rangi nyekundu inaanza kutawala: midoli, maua ya plastiki, vikombe, maboksi yenye umbo la moyo. Mimi nauza zawadi na khanga hapa hapa Kariakoo, na kila mwaka naona jambo lile lile. Wapo wanaopata hela nzuri ndani ya siku tatu. Na wapo wanaoamka tarehe 15 wakiwa na mzigo umejaa mezani, huku aliyewakopesha anapiga simu.

Nimeona wenye mtaji mkubwa wakipigwa na wenye mtaji mdogo wakitoka salama. Kinachowatenganisha ni kujua mteja wa siku hii ananunua nini hasa. Ukiijua historia yake utaelewa, kwa hiyo tuanzie huko.

1. JINA LILITOKA KANISANI, MAPENZI YALIKUJA BAADAYE

Valentino alikuwa Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huko Roma katika karne ya 3. Kumbukumbu za zamani zinataja zaidi ya Valentino mmoja: yupo padri wa Roma na yupo askofu wa mji wa Terni. Ile hadithi kwamba alifungisha ndoa za askari kwa siri ni simulizi iliyoongezwa baadaye sana. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake kwenye kalenda ya jumla ya ibada, kwa sababu habari za uhakika za maisha yake ni chache mno. Bado anahesabiwa mtakatifu.

Sasa mapenzi yaliingiaje? Yaliingia kwa maneno. Katika karne ya 14 mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, aliandika shairi refu kuhusu ndege wanaokusanyika siku ya Mtakatifu Valentino kila mmoja achague mwenzi wake. Watu wa tabaka la juu wakaanza kuandikiana barua za mapenzi siku hiyo. Yaani kwa miaka mingi sana zawadi ya Valentine ilikuwa karatasi yenye maneno mazuri, basi. Shika hilo, tutalirudia.

2. DADA ALIYEANZA NA SAMPO

Mwaka 1847 huko Marekani, msichana aitwaye Esther Howland alikuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia katika mji wa Worcester, Massachusetts. Esther akapata kadi ya Valentine iliyotoka Uingereza, akaiangalia, akasema mbona hata mimi naweza kutengeneza.

Sikiliza alichofanya. Hakujaza chumba kadi. Alitengeneza sampo chache, akampa kaka yake ambaye alikuwa anazunguka kuuza bidhaa za baba yao. Inasimuliwa kwamba alitegemea oda za dola 200 hivi, kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000. Hapo ndipo alipoita rafiki zake nyumbani na kuwapanga mezani: huyu anakata, huyu anabandika, yule anapamba. Biashara ile aliifanya kwa miaka mingi.

Aliyeigeuza Valentine kuwa biashara kubwa Marekani alianza na sampo, akafuata oda, mzigo ukaja mwisho. Sisi wengi tunaanza na mzigo, tunafuata kelele za kuita wateja, na mwisho tunatafuta wa kumlaumu.

3. BOKSI LINALOBAKI

Mwaka 1868, Richard Cadbury wa Uingereza, wa ile familia ya chokoleti, alitoa maboksi ya chokoleti yenye umbo la moyo. Chokoleti iliisha siku ile ile, lakini boksi lilikuwa zuri kiasi kwamba watu waliliweka na kuhifadhia barua na vitu vyao vidogo. Mteja alinunua kitu cha kula, akabaki na kitu cha kukumbukia.

Fungashio ni sehemu ya zawadi. Ukimpa mteja kitu kizuri ndani ya mfuko wa sokoni, umeuza bidhaa. Ukikiweka kwenye kikapu kidogo cha ukili au boksi gumu atakalotumia hata mwezi wa nane, umeuza zawadi, na bei yake ni nyingine.

4. NA SISI TULIKUWA NA YETU

Kuna wanaosema pwani hatukuwa na habari za kupeana zawadi za mapenzi mpaka Wazungu walipoleta. Waulize bibi zako. Kikuba kile kidogo cha asumini na rehani, mwanamke anakibandika kwenye nywele au kifuani, kilikuwa cha nini? Udi unaofukizwa chumbani jioni? Marashi? Hizi zote ni lugha za mapenzi, na bidhaa zake nyingi ziko hapa mjini.

Lakini mfalme wa yote ni khanga. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wananunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora. Wanachukua leso sita, wanazigawa tatu tatu, wanazishona pamoja, inapatikana nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona wateja wanataka nini, wakaanza kuagiza vitambaa vipana vilivyochapwa moja kwa moja. Jina khanga linasemekana kutokana na ndege kanga mwenye madoadoa, kwa sababu ya nakshi za mwanzo. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi tunazotumia leo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, anatajwa sana kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huo mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa hiyo khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno. Mwanamke anapopewa doti, kitu cha kwanza anachofanya ni kuikunjua asome. Ni barua ya Valentine ambayo inafuliwa na kuvaliwa tena!

Hapa nitoe angalizo ambalo limeokoa ndoa za wateja wangu: SOMA JINA KABLA HUJAMFUNGIA MTEJA. Wanaume wengi wanachagua khanga kwa rangi. Mtu anaona nyekundu nzuri, anasema nifungie hiyo hiyo. Ukiikunjua imeandikwa "Hasidi hana sababu". Sasa huyo mkewe akiisoma usiku wa Valentine atauliza hasidi ni nani? Kama imeandikwa "Nani kama mama", hiyo ni ya kumpelekea mama mzazi. Muuzaji mzuri anasoma kwa sauti, anamuuliza mteja, "Kaka, unampa nani? Unataka umwambie nini?" Mteja akijibu hilo swali, umeshauza. Na atarudi, kwa sababu duka lililopita halikumuuliza.

5. MTEJA WA TAREHE 14 ANA HALI GANI?

Tuongee ukweli wa mfukoni. Januari imempiga: ada, sare, kodi ya nyumba. Mishahara mingi inaingia tarehe 20 na kitu, na Valentine iko katikati ya mwezi. Mteja wako ana upendo mwingi na hela kidogo.

Kwa hiyo usiweke zawadi za bei moja kubwa. Panga ngazi tatu. Ya chini kabisa iwe ni kitu ambacho hata kijana wa bodaboda anaweza kulipia bila kukopa: udi kidogo na kichupa cha marashi ndani ya kiboksi, na kadi uliyoandika kwa mkono. Ya kati iwe doti ya khanga iliyofungwa vizuri. Ya juu iwe khanga na vikorombwezo vyake, hiyo unaitengeneza kwa oda tu.

Kumbuka pia kwamba wapo Waislamu na Wakristo wasioitambua siku hii, na hapa mjini ni majirani na wateja wetu. Usibishane na mtu. Bango lako liandike "Zawadi kwa umpendaye". Anayesherehekea ataelewa, na asiyesherehekea atamnunulia mke wake au mama yake bila kujisikia vibaya.

6. TUPIGE HESABU

Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme una 150,000.

Mtu wa kwanza ananunua mawaridi 100 kwa 1,500, anauza 3,000 kila moja. Ndoo, karatasi, utepe na boda vinamgharimu 25,000. Anauza 45, anapata 135,000. Toa gharama, mkononi ana 110,000. Yale 55 yaliyobaki, tarehe 16 ni takataka. Amepoteza 40,000.

Mtu wa pili ananunua doti 15 za khanga kwa 10,000, anauza 15,000 ikiwa imefungwa. Anauza doti 9, anapata 135,000 ile ile. Fungashio 1,500 kwa kila doti, jumla 13,500. Mkononi ana 121,500, na ndani ana doti 6 zenye thamani ya 60,000. Jumla 181,500. Amepata faida ya 31,500, ingawa itakamilika doti hizo zikiuzwa. Na zitauzika, maana Siku ya Wanawake ni tarehe 8 Machi, na khanga haina msimu.

Mauzo yao yanalingana kabisa. Kilichowatofautisha ni kile kilichobaki mezani.

Sijasema usiuze maua. Waridi lina wateja wake, na mashamba yapo kwa majirani zetu Naivasha na hapa kwetu Arusha. Nasema waridi liuzwe kwa oda iliyolipiwa angalau nusu. Hali kadhalika midoli iliyoandikwa Valentine: haiozi, lakini inalala na mtaji wako mwaka mzima.

Halafu suala la mkopo. Dada mmoja ninayemfahamu alichukua kausha damu mwanzoni mwa Februari, yote akaweka kwenye midoli na maua mabichi. Marejesho yalikuwa kila wiki. Mwisho wa mwezi alikuwa ameuza friji ya nyumbani kulipa deni la mzigo ambao bado alikuwa nao. Sikukuu ya siku moja haibebi mkopo wa wiki nane. Kama huna mtaji, ongea na mwenye duka la jumla unayeaminiana naye akupe mali kauli, mkubaliane mapema kwamba kisichouzika kinarudi kikiwa safi.

7. ANGALIA KALENDA

Hili wengi hawalifikirii. Mwaka 2027 na mwaka 2028, tarehe 14 Februari itaangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Mwaka 2029 itakuwa Jumatano ya Majivu kwa Wakristo, na Idd el Fitri itakuwa karibu na siku hiyo hiyo, kutegemea kuandama kwa mwezi. Miaka hiyo chakula cha mchana cha wapenzi na mambo ya rangi nyekundu yatapungua mtaa huu. Khanga, udi na marashi vitatembea, kwa sababu ni zawadi ya Valentine na ni zawadi ya Idd kwa wakati mmoja. Anayepanga mzigo wake leo alijue hilo.

8. KAZI YA WIKI HII

Toa daftari, uandike:

Kwanza, tengeneza sampo tatu tu, moja kwa kila ngazi. Zipige picha mchana kwenye mwanga mzuri, weka na bei. Mambo ya "njoo inbox" yanafukuza wateja.

Pili, tupia status kuanzia tarehe 1, pokea oda kwa malipo ya nusu kupitia lipa namba yako, na funga oda tarehe 11. Mzigo wa oda unachukua tarehe 12.

Tatu, kila oda iwe na mstari mmoja: zawadi inakwenda kwa nani, na mteja anataka kusema nini. Kama hajui, msaidie maneno. Wapo wengi wanaopenda sana na hawajui waseme vipi, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Nne, mzigo wa ziada usizidi robo ya oda ulizopata, na uwe wa vitu vinavyouzika hata mwezi wa tano.

Tano, tarehe 15 asubuhi, kabla hujafungua meza, hesabu hela na hesabu kilichobaki. Andika vyote viwili. Daftari hilo ndilo litakalokuongoza mwakani.

Kazi njema, na jioni ukifunga, usisahau kubeba na ya kwako nyumbani. Mtumie somo hili mwenzako wa meza ya jirani.