Kuandaa Kichwa Kabla Shule Haijafunguliwa

Mdogo wangu mwanafunzi,

Katika majimbo mengi shule zinafunguliwa mwezi wa nane, na penginepo mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Wiki hizi ofisini kwetu watu wanaulizia mabegi, madaftari na chanjo. Hayo tutasaidiana. Leo nataka tuongee juu ya kitu kisichoingia kwenye begi: utakavyokaa darasani miezi ya mwanzo, wakati huelewi nusu ya yanayosemwa, bila kujiona mjinga.

Mimi nilisoma kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa. Hesabu nilizijua. Nilipofika Marekani nikiwa na miaka 16 niliwekwa darasa la 10, kwa sababu hapa wanakupanga zaidi kwa umri kuliko kwa ulichosoma. Mwalimu alikuwa akiniuliza kama nimeelewa, nami najibu "yes". Kila siku "yes". Kwetu mtoto mwenye adabu hamsumbui mwalimu, na sikutaka wenzangu wanicheke. Ripoti ya kwanza ikaja na F nne. Baba aliitwa shuleni, hakukuwa na mkalimani, ikabidi nitafsiri mwenyewe. Nikamwambia wanasema naendelea vizuri. Tulirudi nyumbani akiwa amefurahi, na usiku ule nikaamua kuacha shule nitafute kazi.

Kilichonizuia ni swali moja la hesabu. Lilikuwa na mistari minne ya maneno, habari za treni mbili zinazotoka miji miwili. Mwalimu aliponiona nimekaa tu, aliliandika upya ubaoni kwa tarakimu, bila maneno. Nililimaliza kabla hajarudi kwenye meza yake. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimefeli hesabu. Nilikuwa nimefeli Kiingereza ndani ya somo la hesabu.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Jim Cummins, mtafiti wa elimu wa Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya mazungumzo mgeni huipata kwa takriban miaka 2. Ya masomo, ile ya vitabu na mitihani, huchukua kama miaka 5 hadi 7 mpaka awafikie waliozaliwa nayo. Kwa hiyo itafika siku utakuwa unataniana na wenzako kwa Kiingereza kwenye basi, kisha unaingia darasa la sayansi na huelewi kitu. Walimu watashangaa, wazazi watasema mvivu huyu, na wewe mwenyewe utaanza kuwaamini. Usiwaamini. Uko mahali ambapo kila mgeni hupita.

Alama nazo zina tafsiri yake. Kongo ukipata nusu ya alama umepita, na 65 ni ya kushangiliwa. Katika shule nyingi za hapa 65 ni D, na chini ya 60 ni F. Jua hilo mapema ili usije ukafurahi au kulia bila sababu.

Sasa zoezi la nyumbani. Jioni hizi zilizobaki, simama mbele ya kioo useme kwa sauti: "I don't understand. Please say it again." Sema mpaka mdomo uzoee, maana siku yenyewe moyo utadunda. Msemee mwalimu ukimtazama usoni. Najua ulifundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na nyumbani endelea hivyo hivyo, lakini hapa anayetazama chini hudhaniwa anaficha jambo. Kuuliza si utovu wa nidhamu. Walimu wengi humsahau anayenyamaza, si kwa ubaya, bali kwa kudhani ameelewa.

Halafu chagua mtu mzima mmoja, mama, baba, shangazi au kaka mkubwa, na umwambie leo kwamba ripoti ya kwanza huenda ikawa mbaya. Mwambie kabla haijaja. Mimi sikuwa na mtu huyo, ndiyo maana niliongopa. Shule ya umma ina wajibu wa kuwasiliana na wazazi wako kwa lugha wanayoielewa, na mkalimani halipiwi na wao. Usikubali kutafsiri ripoti yako mwenyewe.

Wewe mwenye miaka 17, 18 au 19, sikiliza vizuri zaidi. Utaambiwa umechelewa, kuna kazi kiwandani, familia ina madeni. Huenda hata shuleni wakakuelekeza moja kwa moja kwenye masomo ya watu wazima. Wengine yanawafaa kweli. Lakini kila jimbo lina umri wake wa mwisho wa kusoma sekondari bure, na katika mengi ni karibu miaka 21. Usisaini karatasi ya kujitoa kabla hujaja kwetu tuisome pamoja.

Na utafute ripoti zako za zamani. Kumaliza sekondari hapa kunahitaji krediti, yaani hesabu ya masomo uliyofaulu, na masomo ya kambini yanaweza kuhesabiwa ikiwa kuna ushahidi. Hata kama karatasi imechanika au imelowa mvua, hata kama ni picha tu iliyobaki kwenye simu ya mjomba, ilete ofisini kabla ya siku ya kujiandikisha. Tutaitafsiri na kwenda nayo pamoja kwa mshauri wa wanafunzi.